Mafuriko Yanasukuma, Maradhi Yanafunga Njia: Jibu kwa Mwalimu wa Kyaka II

Swali la msomaji:

"Mimi ni Mkongo wa Ituri, ninafundisha watoto katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, Uganda. Mwaka 2018 nilipovuka Ziwa Albert na familia yangu nilijua ninakimbia nini: mapanga na moto. Lakini wanaofika siku hizi wananipa habari zilizochanganyika. Mmoja anasema mvua ilichukua shamba, soko likafungwa kwa ajili ya ugonjwa, halafu ndipo waasi wakaja. Majirani zangu Waganda nao wana ndugu Kasese waliohamishwa na mto mwaka ule wa korona na hawajarudi kwao mpaka leo. Naomba unieleze: mafuriko, ukame na magonjwa ya mlipuko yakikutana, yanahamisha watu zaidi au yanawazuia? Na aliyekimbia maji ana haki sawa na mimi niliyekimbia vita?"

Jibu:

Mwalimu, pole kwa safari uliyopita, na asante kwa kuwasikiliza wageni wako kwa makini kiasi hicho. Umeona jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu uhamaji hulipita haraka: mtu hahami kwa sababu moja.

Nianze na swali lako la kwanza. Yanafanya yote mawili, na yanayafanya kwa wakati mmoja. Mafuriko, maporomoko ya udongo na ukame humtoa mtu kwake. Ugonjwa wa mlipuko, na hasa amri zinazotolewa kuuzuia, humfungia njia ya kwenda. Kila upande peke yake watu wa nchi hizi wana namna yao ya kuukabili, kwa sababu wameurithi. Pigo halisi ni pale nyumba imekwenda na maji na barabara nayo imefungwa. Hapo mtu hana pa kukaa wala pa kwenda, na hakuna takwimu inayomhesabu vizuri.

Nitaanza na Kasese, kwa kuwa majirani zako wametoka huko.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2020, baada ya mvua kubwa kwenye milima ya Rwenzori, mito ya Kasese ilivunja kingo: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasani na Lhubiriha. Maji yalishuka na mawe makubwa na magogo, yakabomoa nyumba, madaraja na mashamba, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Sasa angalia tarehe. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa nchini tarehe 21 Machi. Shule zilikuwa zimefungwa. Magari ya abiria yalikuwa yamepigwa marufuku tangu mwishoni mwa Machi, boda boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, na kuanzia saa 1 jioni hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje. Watu waliambiwa wakae nyumbani, na nyumba zenyewe ndizo zilizokuwa zimekwenda na mto.

Familia ya Kasese ikipigwa na maji katika mwaka wa kawaida, hujigawa. Watoto hupelekwa kwa shangazi Fort Portal au Bwera. Kijana mmoja huenda Kampala kutafuta kibarua ili atume pesa. Mama hubaki karibu na shamba kulinda kilichosalia, maana ukiliacha shamba wapo watakaosogeza mipaka. Mpango huu hauandikwi popote, lakini ndio bima ya wanyonge, na umewaokoa watu wengi kuliko hema lolote. Mwaka 2020 kila kipande cha mpango huo kilikatika. Hapakuwa na gari la kuwapeleka watoto. Kampala nako vibarua walikuwa wamesimamishwa kazi, na wengine walikuwa wakirudi vijijini kwa miguu. Shangazi mwenyewe aliogopa kupokea wageni, si kwa roho mbaya, bali kwa sababu redio ilimwambia kila siku kwamba mgeni anaweza kuleta kifo nyumbani.

Wakabaki shuleni. Madarasa yalikuwa matupu kwa sababu ya korona, na kwa siku za kwanza hilo lilionekana kama nafuu. Lakini chumba kilichojengwa kwa ajili ya madawati hakiwezi kulaza familia kadhaa zikakaa umbali wa mita moja na nusu. Vyoo vya shimo vilijaa au vilizama. Mabomba ya maji yalikuwa yamekatika, na wakati huohuo mabango yalikuwa yakihimiza watu wanawe mikono. Mbu wakazaliana kwenye madimbwi yaliyoachwa na mto, na kwa mtoto wa chini ya miaka 5 pale Kasese malaria ilikuwa tishio la karibu zaidi kuliko korona. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu lilisahaulika: macho ya nchi nzima yalikuwa kwenye ugonjwa mmoja. Waliohamishwa wakaendelea kuishi kambini, kama pale Muhokya, muda mrefu baada ya barabara kufunguliwa. Serikali ya wilaya haikuwa na ardhi tayari ya kuwapa, na kurudi kwenye kingo za mto ule ni kusubiri maji mengine.

Mwezi huohuo wa Mei, upande wa pili wa nchi, Ziwa Victoria lilipanda hadi kipimo cha mita 13.42 pale Jinja, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Chanzo chake kilikuwa mvua zisizo za kawaida za mwisho wa 2019, zilizoletwa na joto la Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi, na mvua za masika zilizofuata zikaongeza juu yake. Maziwa Kyoga na Albert nayo yalipanda. Wewe uliyepita kwenye mialo unajua anayeishi pale: mvuvi, mwanamke anayekausha samaki, kijana wa kushusha mizigo, na wapangaji wasio na hati ya ardhi. Maji yalipoingia vyumbani serikali iliwataka wahame kando ya ziwa. Wenye haki ya kudai fidia walikuwa wachache. Mpangaji huondoka na godoro lake kichwani na jina lake haliandikwi, kwa hiyo akihamishwa na maji huonekana kama amehama kwa hiari.

Wakimbizi wa Kampala nao walikuwa na fundo lao. Uganda inamruhusu mkimbizi kuishi anapotaka, lakini kwa sera msaada wa chakula hutolewa kwenye makazi. Mkongo anayeshona nguo au kuuza vitenge Katwe na Nsambya alijitegemea vizuri hadi siku soko lilipofungwa. Baada ya hapo alitakiwa kuchagua kati ya njaa ya mjini na safari ya kwenda makazini, katika wiki ambazo kusafiri kulikuwa kosa.

Tuje mpakani, maana hapo ndipo swali lako linauma zaidi.

Uganda ilisimamisha kupokea wakimbizi wapya mwezi Machi 2020. Kwa nchi ambayo sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 husifiwa Afrika nzima, lilikuwa jambo zito. Mwezi Mei mapigano ya Ituri yaliwasukuma watu hadi kwenye ukanda ulio kati ya nchi mbili, karibu na wilaya ya Zombo. Hawakuweza kuingia wala kurudi. Walikaa pale majuma mengi, kwenye mvua, bila choo wala zahanati. Tarehe 1 Julai serikali ikafungua kwa muda vivuko vya Guladjo na Mlima Zeu, na kwa siku tatu watu wapatao 3,000 wakaingia, wakiwemo wazee na watoto wadogo. Walipimwa afya, wakawekwa karantini ya siku 14, kisha wakapelekwa kwenye makazi.

Nakuomba uikumbuke Zombo kila unaposikia kwamba nchi lazima ichague kati ya afya ya wananchi wake na maisha ya wakimbizi. Kilichofanyika Julai kingeweza kufanyika Mei. Kipimajoto, maji, sabuni, mahema ya karantini na wahudumu wa afya waliovaa barakoa vinatosha kutenda haki zote mbili. Kinachohitajika ni uamuzi, na pesa za kuulipia mapema.

Wala Uganda haikuwa mgeni wa kazi hiyo. Ebola ilipokuwa ikiua watu Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kuanzia 2018, katika eneo ambalo vita vilikuwa vikihamisha watu kila wiki, Uganda haikufunga mpaka wa Mpondwe. Iliweka vituo vya kupima joto, ikawachanja wahudumu wa afya wa mpakani kabla mgonjwa yeyote hajaingia, na ikawafundisha wahudumu wa afya wa vijiji dalili za kuangalia. Mwezi Juni 2019 familia moja iliyotoka kumzika babu upande wa Kongo iliingia Kasese, na mtoto wa miaka 5 akagunduliwa na Ebola katika hospitali ya Bwera. Ulikuwa msiba mkubwa kwa familia hiyo. Lakini ugonjwa haukuenea nchini. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa atavuka tu. Swali ni kama atavuka mahali penye muuguzi, au kwa njia za panya usiku, ambako wa kwanza kumgusa mtoto huyo ni mwenye nyumba atakayewahurumia. Kufunga vivuko rasmi huwahamishia watu kwenye njia zisizo na muuguzi, na huuficha ugonjwa badala ya kuuzuia.

Mwaka wako mwenyewe, 2018, unatuonyesha upande mwingine: safari yenyewe huweza kuzaa ugonjwa. Mliposhuka kwenye mwalo wa Sebagoro, maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache, mlikunywa maji ya ziwa kwa sababu hapakuwa na mengine. Mwezi Februari kipindupindu kilitangazwa wilayani Hoima. Zaidi ya watu 2,000 waliugua, baadhi kwenye mialo na baadhi katika makazi ya Kyangwali, na makumi walikufa. Wenyeji walisema wakimbizi wameleta ugonjwa. Mimi nasema ugonjwa uliletwa na ukosefu wa maji na vyoo mahali ambapo kila mtu alijua watu watashukia. Kipindupindu kimekuwa kikirudi kwenye vijiji vya uvuvi vya ziwa lile miaka mingi kabla yenu.

Hali ya hewa pia haisubiri mtu ahame ndipo imletee maradhi. Inayahamisha maradhi yenyewe. Wazee wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, wanakumbuka kwamba mbu wa malaria alikuwa wa mabondeni, na Kabale ilijulikana kwa baridi yake. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, malaria ilizuka kwenye nyanda hizo za juu miongoni mwa watu ambao miili yao haikuwa na kinga nayo. Unapohama mlima kwa kuogopa maporomoko ukashuka tambarare, unaingia pia kwenye ugonjwa ambao watoto wako hawajauzoea. Wanaopanga kuhamisha watu kutoka Bududa au Rwenzori hutaja nyumba na barabara. Chandarua na zahanati hufuata baadaye, na mara nyingine havifuati kabisa.

Hilo la Bududa nataka nilikalie kidogo. Mwezi Machi 2010 mlima Elgon uliporomoka pale Nametsi na kuwafukia mamia ya watu. Serikali iliwachukua baadhi ya walionusurika na kuwapeleka Kiryandongo, mbali sana na kwao. Wapo waliotulia na kulima, na wapo waliorudi mlimani. Oktoba 2018 mlima ukaua tena, na safari hii serikali ikachagua Bunambutye, wilayani Bulambuli, chini ya mlima uleule, ambako familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Novemba 2024 Bulambuli nayo ikapata maporomoko yake upande wa milimani. Watu wa mjini huuliza kwa nini mtu anarudi kwenye mlima unaomzika. Anarudi kwa sababu udongo wa volkano unaotoa kahawa na ndizi ndio ada ya shule, kaburi la baba liko kule, na aliyehamishiwa ugenini akiugua hana ndugu wa kumpeleka hospitali usiku. Uhamisho ukimtenga mtu na ndugu zake humwongezea hatari ya aina nyingine, na mlipuko wa ugonjwa ndio huifichua hatari hiyo.

Kuna kundi ambalo halihami kabisa, nalo ndilo hunipa wasiwasi mkubwa. Kuhama kunahitaji nauli, afya, simu na mtu wa kukupokea. Mwaka wa ukame hula akiba. Mwaka wa karantini hula kilichobaki. Aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kununua unga wa posho wakati soko limefungwa, mvua ikikosekana msimu unaofuata hana cha kumwezesha kuondoka. Karamoja, nchi ya wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, ilionyesha hili hatua kwa hatua. Februari 2020 nzige wa jangwani waliingia kupitia Amudat. Mwezi uliofuata korona ikafunga masoko. Uporaji wa ng'ombe ukaongezeka tena, karantini za mifugo zikazuia watu kuuza wanyama waliobaki, kisha ukame wa 2022 ukaja na njaa iliyoua. Wenye nguvu kidogo walituma watoto Kampala, na wengi mnawaona wakinyoosha mikono kwenye mataa ya barabarani. Wasio na nguvu hata hiyo walibaki kijijini. Ukihesabu tu waliofika mjini, utadhani hao ndio walioumia zaidi.

Kwa hiyo jihadhari na mazungumzo ya kwamba hali ya hewa italeta mamilioni ya Waafrika Ulaya. Kwa sehemu kubwa watu wanaokimbia maji huenda karibu: mlima wa pili, mji wa wilaya, kwa mjomba. Benki ya Dunia mwaka 2021 ilikadiria kwamba katika nchi tano za bonde la Ziwa Victoria, yaani Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, watu hadi milioni 38.5 wanaweza kulazimika kuhama kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi ifikapo 2050 ikiwa hakuna hatua zitakazochukuliwa. Hao wote wanahesabiwa ndani ya nchi zao. Ni watu watakaotafuta chumba Mbarara, Mbale, Arua na Kampala, na wengi watapangisha kwenye mabonde yenye maji kwa sababu ndiko kodi iko chini. Atakuwa amekimbia mafuriko ya kijijini akaingia kwenye mafuriko ya mjini, mahali penye msongamano ambapo ugonjwa ukiingia hauna haja ya kutafuta njia.

Sasa haki.

Wewe Mwalimu uko chini ya sheria iliyo wazi. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 unamlinda anayeogopa kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, utaifa, maoni ya kisiasa au kundi lake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unaongeza anayekimbia vita na matukio yanayovuruga sana amani ya nchi au sehemu yake, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 imeyachukua hayo yote. Mafuriko hayatajwi humo. Aliyevuka mpaka kwa sababu ya maji peke yake hana jina katika sheria hizo. Lakini huko Ituri, na hata Jonglei na Unity za Sudan Kusini, ambako mafuriko makubwa yamerudi mwaka baada ya mwaka tangu 2019, maji hayaji peke yake. Mto ukichukua malisho, wafugaji huhamia ardhi ya wengine na bunduki hufuata. Kwa hiyo wageni wako wanaosema "mvua, halafu soko, halafu waasi" hawajichanganyi. Wanapohojiwa wasiambiwe wakate hadithi ibaki ya vita tu, wala wasiogope kutaja vita kwa kuwa hadithi ilianza na mvua. Waseme yote kwa mpangilio yalivyotokea. Ukweli mzima ndio kinga yao.

Ndugu wa majirani zako kule Kasese wako kwenye fungu jingine. Hao ni raia waliohamishwa ndani ya nchi, na wana mkataba uliobeba jina la mji wetu mkuu. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika ulipitishwa hapa Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, na Uganda ndiyo iliyouridhia kwanza. Unayataka mataifa yawalinde na kuwasaidia waliohamishwa na majanga ya asili, yakiwemo yatokanayo na mabadiliko ya tabianchi. Uganda ina pia sera yake ya taifa ya wakimbizi wa ndani tangu Agosti 2004, iliyoandikwa wakati watu wa Acholi walikuwa kambini kwa sababu ya vita vya waasi wa LRA. Kwenye karatasi, basi, aliyehamishwa na mto Nyamwamba ana ulinzi mzuri. Kwa vitendo yuko nyuma yako wewe mgeni: hana kadi ya familia, hana shirika kubwa la kimataifa linalomhesabu kila mwezi, na msaada wake hutegemea kama janga lake bado liko kwenye habari. Nalisema hili bila nia ya kuwachochea wenyeji dhidi ya wakimbizi. Nalisema kwa sababu wenyeji wanapoona mgeni ana kadi na wao hawana, chuki huota, na dawa yake ni kumpa mwenyeji anachostahili, si kumnyang'anya mkimbizi.

Kuhusu mipaka, mawaziri wa nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, walipitisha Februari 2020 itifaki ya watu kusafiri kwa uhuru, na ndani yake kuna kifungu kinachotaka mtu anayekimbia janga aruhusiwe kuingia nchi jirani, hata kabla janga halijamfikia. Ni hatua njema kuliko zote ninazozijua katika ukanda huu. Ilipitishwa wiki chache tu kabla ya korona kufunga kila mpaka, na kupitishwa mezani si sawa na kutumiwa na askari aliye kwenye kivuko. Kongo nayo si mwanachama wa IGAD, kwa hiyo watu wa kwenu hawamo.

Hali haijatulia. Ugonjwa wa mpox ulithibitishwa Uganda mwaka 2024. Januari 2025 mji wa Goma, Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na kabla mwezi huo haujaisha Ebola ikatangazwa Kampala. Mgao wa chakula wa wakimbizi, uliopunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020 na kisha kufikia asilimia 40 Februari 2021, umeendelea kukatwa: Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa watu wapatao milioni moja kwenye mgao hapa nchini kwa kukosa fedha. Nchi inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Mgao ukikatwa mwaka wa mvua mbaya, kiwanja cha mita 30 kwa 30 hakilishi familia ya watu wanane. Watu huondoka makazini. Baadhi hurudi kule walikokimbia ili walime msimu mmoja, wakijua hatari yake. Kwangu huo ni uhamaji wa lazima, hata kama umepitia kivuko kwa miguu yako mwenyewe na hakuna aliyekufukuza.

Ningekuwa na sauti kwenye meza ya Ofisi ya Waziri Mkuu ningedai jambo moja kabla ya mengine yote: kila mpango wa mafuriko uwe na ukurasa wa ugonjwa, na kila mpango wa ugonjwa uwe na ukurasa wa mafuriko. Amri ya kukaa ndani itaje waziwazi kwamba anayekimbia maji anaruhusiwa kusafiri, na boda boda anayembeba hatakamatwa. Kivuko kinachopokea wanaoomba hifadhi kisifungwe hata siku mipaka mingine imefungwa, na kiwe na eneo la karantini lililojengwa kabla ya kuhitajika. Wilaya za milimani na za mialo ziwe na ardhi iliyotengwa, yenye kisima na vyoo, ili shule zisiwe kambi kwa mara ya pili. Shule za Uganda zilifungwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Mtoto aliyehamishwa na mto katika kipindi hicho alipoteza nyumba na darasa pamoja, na wasichana wengi hawakurudi kabisa.

Nawe kule Kyaka II, kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wako. Mgeni akifika, msaidie ajiandikishe mapema akiwa na watoto wake wote, kwa kuwa asiyeandikwa hahesabiwi karantini ikija wala chakula kikija. Mwambie atunze kadi za chanjo za watoto pamoja na kadi ya familia, kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, karibu na mlango. Akiwa na homa, aende zahanati siku hiyohiyo na aseme ametoka wapi bila kuficha. Waombe wahudumu wa afya wa kijiji waje kuzungumza shuleni kwa Kiswahili, kwa sababu matangazo mengi ya korona yalitoka kwa Kiingereza na Kiganda na wazazi wengi wa kwenu hawakuyaelewa. Majirani wenye ndugu Kasese waelekeze kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, wa kule ndugu walikotoka, wamwombe barua inayothibitisha kwamba walihamishwa na mafuriko ya Mei 2020 na kwamba walikuwa na ardhi mahali fulani. Barua hiyo waipeleke kwa kamati ya wilaya ya kushughulikia majanga, na wabaki na nakala. Ardhi ikigawiwa, atakayeanza kuangaliwa ni mwenye karatasi.